Kuuza Kahawa Ikingali Maua

Mjukuu wangu alikuja nyumbani kwa likizo ya Krismasi ya mwaka 2024. Mwaka ule kahawa ya Karagwe na Kyerwa ilikuwa imepata bei ambayo sisi wazee hatukuwahi kuiona, na habari hiyo ilikuwa imemfikia huko Mwanza anakofanya kazi. Jioni ya pili, baada ya chakula, alisogeza kiti chake karibu na changu, akatoa simu yake, akanionyesha mstari uliokuwa ukipanda na kushuka kama barabara ya kwenda Murongo.

"Babu," akasema, "naomba unikopeshe fedha kidogo. Nitarudisha kabla ya Pasaka, na nyongeza juu yake."

Nilimwuliza ni biashara gani hiyo yenye haraka namna hiyo. Akanieleza kuwa anauza hisa za kampuni moja ya Marekani.

"Ulizinunua lini?"

"Sikuzinunua, Babu. Ni za kuazima. Unaziuza leo zikiwa ghali, halafu zikishuka unazinunua, unamrudishia mwenyewe, na ile tofauti inabaki yako."

"Na zisiposhuka?"

Akakohoa. Nimesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka thelathini na minane, na nakijua kikohozi cha mwanafunzi ambaye hesabu yake imekataa. Nikamwambia kwamba biashara hiyo si ngeni. Hapa kwetu ndugu yake anaitwa butura, na mimi nilimkuta duniani. Akacheka. Kwake yeye butura ni ujinga wa wakulima wasiosoma, na simu ni maarifa. Nimeandika kurasa hizi kwa sababu ya kicheko hicho, na kwa sababu nyingine ambayo nitaikiri mbele.

Msomaji asiyetoka Kagera huenda hajalisikia neno hili. Butura ni mkulima kuuza kahawa yake ikingali mtini, ikiwa maua au punje changa za kijani. Mnunuzi hutoa fedha leo, mkulima hutoa kahawa siku ya mavuno. Bei hukatwa siku ile fedha inapotolewa, na aghalabu ni nusu ya bei inayotazamiwa, au pungufu ya hapo. Hakuna karatasi, kuna shahidi mmoja, na pengine kibuyu cha rubisi.

Mwenye kuishi na mikahawa haoni ajabu kwa nini jambo hili lilizuka. Kahawa yetu huchanua mvua zinapoanza baada ya kiangazi. Kwa siku chache kibanja kizima huwa cheupe na hunukia hata mtu apitaye barabarani akasimama. Kutoka maua yale hadi mavuno ni miezi tisa au kumi. Katikati ya miezi hiyo kuna Januari na ada za shule, kuna homa ya mtoto, kuna msiba wa shemeji, kuna posa ya kijana. Kahawa huja mara moja kwa mwaka, lakini shida hazijui kalenda ya kahawa. Tena katika miaka mingi niliyoiona mimi, hata baada ya kupeleka magunia chamani mkulima alipewa malipo ya kwanza, kisha akangojea ya pili, na kungojea huko kulikuwa kurefu. Mtu aliyetokea na fedha mkononi wakati wa maua hakuonekana mnyonyaji. Alionekana mwokozi.

Mimi mwenyewe nilivaa butura miguuni. Nilizaliwa upande ule ambao tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa, wakati huo yote ikiwa Karagwe. Mwaka 1970 nilichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Masomo yalikuwa ya serikali, lakini kijana hakuweza kwenda chuoni bila sanduku la bati, blanketi, viatu na nauli. Mwezi wa Oktoba, mikahawa ikiwa imechanua, baba alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa sentani, akarudi usiku na fedha. Sikuuliza, naye hakusema.

Nilirudi likizo ya katikati ya mwaka uliofuata, wakati wa mavuno. Nilikuta magunia yakipakiwa, na baba amesimama kando kama mtu anayeangalia mali ya jirani. Siku ile ile akaja mgeni. Kwetu mgeni akifika, kabla ya neno lolote zito, hupewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, na nyumba isiyokuwa nayo huona haya. Mama akanituma kwa jirani niazime kiganja kimoja. Nilipita katikati ya kibanja chetu, mikahawa kulia na mikahawa kushoto, nikienda kuomba kahawa. Ndipo nilipojua viatu vyangu vilitoka wapi.

Baadaye, nilipokuwa nafundisha hesabu za riba darasa la saba, niliutumia mfano huo bila kutaja majina. Mkulima amepewa shilingi 100 mwezi wa Januari kwa kahawa ambayo mwezi wa Julai itauzwa shilingi 200. Ndani ya miezi sita amelipa riba ya asilimia 100. Bei ikipanda hadi shilingi 450, riba imekuwa asilimia 350. Watoto walijibu upesi kwamba mkulima ameibiwa. Nilipowauliza ni benki gani ingemkopesha mtu ambaye dhamana yake ni maua, darasa lilinyamaza. Na nilipowauliza nani amepata hasara ikiwa bei imeshuka hadi shilingi 80, walitazamana. Maana hapo mkulima ameshinda, na mnunuzi ndiye anayelia.

Hata hivyo kuna hesabu nyingine iliyojificha, ambayo sikuifundisha. Mkulima wa butura hauzi mti, anauza magunia. Akiahidi magunia matano na mikahawa ikatoa matatu, hawezi kusema kwamba Mungu hakupenda. Sharti ayatafute mawili yaliyopungua, ayanunue kwa bei ya siku hiyo, ampelekee mwenye fedha. Kwa magunia yale mawili ameuza kitu ambacho hakuwa nacho na hakukipata. Hapo butura na biashara ya mjukuu wangu huwa kitu kimoja.

Nilimwomba anifundishe mambo yake, naye akakubali. Si mara nyingi mwalimu mkuu hukaa kwenye dawati. Tulichukua karatasi. Tuseme hisa moja inauzwa dola 100. Mtu anaazima hisa kumi kwa dalali, anaziuza, anapata dola 1,000. Zikishuka hadi dola 80 anazinunua kwa dola 800, anazirudisha, na 200 ni zake. Hata kampuni ile ikifa kabisa na hisa zikawa bure, faida yake haiwezi kuzidi dola 1,000. Lakini zikipanda hadi 200 amepoteza 1,000. Zikipanda hadi 500 amepoteza 4,000. Faida yake ina dari, na hasara yake haina. Anayenunua ng'ombe hawezi kupoteza zaidi ya ng'ombe. Huyu aliyeuza ng'ombe wa kuazima anaweza kupoteza zizi zima.

Nikamwuliza gharama. Akazitaja moja moja, nami nikaziandika. Kwanza ni ada ya kuazima, ambayo ni ndogo hisa zikiwa nyingi sokoni, lakini zikiwa adimu huweza kufika makumi ya asilimia kwa mwaka. Pili, kampuni ikigawa gawio wakati hisa ziko mikononi mwako, gawio hilo humlipa mwenye hisa wewe, kutoka mfukoni mwako. Tatu ni dhamana. Sheria ya Marekani hutaka fedha yote ya mauzo ibaki kwa dalali, na juu yake mwuzaji aongeze nusu ya thamani ile. Bei ikipanda, dhamana huonekana ndogo, na dalali hudai iongezwe. Usipoongeza, hununua hisa yeye mwenyewe kwa fedha yako, kwa bei yoyote itakayokuwepo saa hiyo. Nne, mwenye hisa anaweza kuzidai siku yoyote, hata siku ile isiyokufaa.

Aliposema dhamana huongezwa, nilimtazama, naye akaangalia simu. Tayari nilikuwa nimeelewa mkopo ule ulitakiwa kufanya kazi gani.

Mambo haya hayakuanza na simu. Mwaka 1609, katika jiji la Amsterdam, mfanyabiashara aitwaye Isaac Le Maire na wenzake waliuza hisa za kampuni kubwa ya Kiholanzi iliyofanya biashara ya bara Hindi, hisa ambazo hawakuwa nazo, wakitumaini kuzinunua zikishuka. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku mtindo huo, na watu hawakuuacha. Ninapowasikia viongozi wetu wakiilaani butura kila msimu, humkumbuka Mholanzi yule.

Wenye uzoefu wamejiwekea mbinu zao. Anayeuza na kununua kwa siku hufunga hesabu kabla soko halijafungwa, asilale na deni, kwa sababu habari za usiku huweza kufungua soko kwa bei nyingine kabisa. Huweka kikomo mapema: bei ikifika hapa, nanunua na kuondoka, hata kama inauma. Hukwepa hisa ambazo kila mtu amekwisha kuziuza kwa kuazima, kwa maana siku ya kurudisha wote watakimbilia mlango mmoja. Tena huko Marekani, tangu kanuni ya mwaka 2010, hisa ikishuka asilimia 10 kwa siku moja, wauzaji wa namna hii hawaruhusiwi kuifuata chini. Kwa siku hiyo iliyobaki na inayofuata, huuza tu kwa bei iliyo juu ya ile bora inayotolewa na wanunuzi. Wakubwa wanajua kuwa kundi likimkimbiza mtu mmoja, huweza kumwua.

Nitaeleza kisa cha huo mlango mmoja. Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 watu wengi walikuwa wameuza hisa za Volkswagen za kuazima, wakiamini zitashuka. Kampuni ya Porsche ikatangaza kwamba, kwa hisa ilizonazo na mikataba ya kununua nyingine, imeshika karibu robo tatu ya Volkswagen. Jimbo la Niedersachsen lilikuwa na asilimia 20 nyingine, na halikuwa likiuza. Zilizobaki sokoni zilikuwa chache kuliko zile zilizotakiwa kurudishwa. Ndani ya siku mbili za soko hisa iliyokuwa kama euro 200 ilipita euro 1,000. Matajiri walinunua huku wakilia, kwa sababu deni la kitu halilipwi kwa maelezo. Hulipwa kwa kitu.

Mjukuu wangu alipomaliza kunisimulia hayo nilinyamaza muda mrefu, hata akadhani nimesinzia. Sikuwa nimesinzia. Nilikuwa nimemkumbuka mtu mmoja akipita mlangoni kwangu mwezi wa Agosti mwaka 1994, akisukuma baiskeli yenye gunia moja.

Nilisema kuna jambo nitalikiri. Ni hili.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa unakuja, na mtu mwenye mshahara kijijini ni benki. Mwezi wa Januari mwaka 1994 jirani yangu, mtu aliyenizidi miaka kama minane, alikuja usiku. Mtoto wake, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha na kumsifu, alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Hakuja kuomba, alikuja kuuza. Maua yalikwisha kuanguka, punje zilikuwa za kijani kama mtama, lakini kwetu hiyo bado ni butura. Aliniuzia magunia matano kwa nusu ya bei ya msimu uliopita. Kibanja chake kilizoea kutoa saba au manane. Nilimlipa taslimu, mbele ya shahidi, na nilijiona mwema. Mtoto akaenda shule.

Mwezi wa Juni na wa Julai mwaka ule baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, mara mbili ndani ya majuma machache. Bei ya kahawa duniani ikawa zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka. Huo ndio ulikuwa msimu wa 1994/95, ambapo serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi, na magari tusiyoyajua yalianza kuonekana katika njia zetu. Upande wa pili wa Mto Kagera, Uganda, bei zilisikika kuwa nzuri zaidi, na usiku mitumbwi haikulala. Mkulima aliyekuwa na gunia huru mwaka ule alikuwa mfalme.

Jirani yangu hakuwa na gunia huru. Mikahawa yake ilizaa sana mwaka uliotangulia, na mkahawa uliozaa sana hupumzika. Alivuna matatu. Akaniletea matatu yale, akaomba mawili yangoje mwaka unaofuata.

Nilimjibu nini? Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisita. Nilimwambia kwamba ahadi ni ahadi. Kwamba mimi nami nimekwisha kumwahidi mtu mwingine magunia matano. Na hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeyauza yote matano, kabla sijayapata, kwa mnunuzi mmoja wa sentani, na fedha nilikuwa nimeezekea bati. Nami nilikuwa nimeuza kisichokuwa changu. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi nilikuwa na wa kumbana, na yeye hakuwa naye.

Akatafuta magunia mawili. Katika mwaka ambao kila mtu alikuwa anaficha kahawa ili ipande zaidi, alikwenda nyumba hadi nyumba. Aliyapata kwa bei zaidi ya mara nne ya ile niliyompa mimi, na ili kuyalipa aliuza kipande cha kibanja kinachopakana na njia. Aliyaleta kwa baiskeli, moja asubuhi na moja jioni. Nilimpa mkono. Akasema, "Asante, Mwalimu." Kipande kile leo kina mikaratusi ya mtu mwingine, nami hukipita kila ninapokwenda kanisani.

Sheria haikuvunjwa siku ile, isipokuwa ile ya serikali iliyokataza butura, ambayo hakuna aliyeitazama. Bei tulikubaliana sote wawili. Lakini nimefundisha hesabu, na hesabu inaniambia hivi: Januari wote wawili tulikuwa tunacheza na bei ya Brazil, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Mimi nilikuwa na mshahara wa mwezi ujao. Yeye alikuwa na mtoto wa kulipiwa wiki ile. Mwenye kuweza kungoja humwuzia asiyeweza kungoja, na bei ya kutoweza kungoja ndiyo gharama kubwa kuliko zote, ingawa hakuna dalali anayeiandika katika orodha yake.

Mwaka 2024 nimeyaona mambo yale yale kwa sura mpya. Tangu mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima ipitie vyama vya ushirika, na siku hizi vyama vya msingi huuza kwa mnada. Miaka mitatu kabla ya hapo kilo ya kahawa ya maganda haikufika shilingi 2,000. Msimu wa 2024 minada ilivuka shilingi 3,000. Kule London bei ya robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani mwezi wa Septemba. Kila mtu alisema mkulima amefufuka, na kweli nyumba nyingi zimeezekwa. Lakini wale waliokwisha kuuza gizani wakati wa maua walisimama kando kama baba yangu, wakiangalia mnada wa kahawa iliyokuwa yao. Tena hawakuwa na pa kushtaki, kwa kuwa mkataba wenyewe ni haramu. Niliwaona pia vijana wachuuzi waliowaahidi wakubwa wao magunia kwa bei ya mwanzo wa msimu. Bei ilipopanda, wakulima walijificha, na vijana wakauza pikipiki zao ili kutimiza ahadi.

Wala si vijana wa Karagwe pekee. Wafanyabiashara wakubwa wa kahawa huuza mikataba katika masoko ya London na New York ili kujikinga bei isije ikashuka wakati kahawa iko ghalani. Bei ilipopanda mfululizo, walidaiwa kuongeza dhamana, na tena dhamana. Mwishoni mwa mwaka 2024 wafanyabiashara wawili wa Brazil walikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wao. Walikuwa na kahawa na wasomi wa hesabu, na bado walikosa pumzi.

Basi nilimjibu nini mjukuu wangu? Sikumpa fedha ya dhamana. Nilimwambia kwamba kuongeza dhamana kwenye biashara inayokwenda kombo ni kumpa aliyekubana kamba ndefu zaidi. Nikamshauri anunue zile hisa kesho yake, akubali hasara ikiwa bado ina mwisho, na nikamlipia kodi ya chumba chake kwa miezi mitatu ili asilale nje. Alikasirika kwa siku moja. Siku ya pili alifunga hesabu ile. Hakuniambia alipoteza kiasi gani, nami sikuuliza. Katika ukoo wetu hatuulizani.

Kwa wakulima wenzangu, kwa kuwa najua shida haitaacha kuja Januari, nasema yale ambayo ningetamani jirani yangu angeambiwa na mwalimu wake. Chama cha kuweka na kukopa, hata kikiwa kidogo, ni bora kuliko rafiki mwenye fedha. Lakini ukibanwa hata huna njia nyingine, usiahidi magunia, bali kubali deni la fedha, ili mti ukipumzika usilazimike kununua kahawa katika mwaka wa kahawa ghali. Usiahidi zaidi ya theluthi moja ya kile ambacho kibanja hutoa katika mwaka mbaya. Na ukiweza kungoja hata mwezi mmoja, ngoja. Kila mwezi unaongoja hupunguza ujinga wa bei, wako na wa mnunuzi.

Nimalize kwa lile langu. Mwezi wa Januari mwaka 2025, baada ya mjukuu kurudi Mwanza, nilikwenda kwa jirani yangu. Sasa amepita miaka themanini, macho yamefifia, na hunitambua kwa hatua. Nilibeba bahasha yenye thamani ya magunia mawili kwa bei ya mnada wa msimu ule. Nilimwambia ni ya mwaka 1994. Hakuuliza ni habari gani. Alinyamaza, kisha akamwita mkwewe alete kahawa, na sote wawili tukatafuna kwanza, kama inavyotakiwa.

Halafu akaipapasa bahasha, akaniambia nihesabu mbele yake nusu yake. Nikahesabu. Akaichukua nusu ile, akaitia mfukoni. Nyingine akanirudishia.

"Gunia hili moja nimelipokea, Mwalimu," akasema. "Lile lingine kaa nalo. Nikilichukua nalo utaacha kuja."

Nimekwenda kwake kila Jumapili tangu siku ile.